Mtoto wa Agosti: mjadala wa kupima na kutibu utukutu wa watoto

Katika majimbo kadhaa ya Marekani mtoto haanzi darasa la awali mpaka awe ametimiza miaka 5 kufikia tarehe 1 Septemba. Aliyezaliwa mwisho wa Agosti huingia shuleni akiwa ndiyo kwanza ametimiza umri huo, na aliyezaliwa siku chache baadaye hubaki nyumbani mwaka mzima, kisha akaingia akiwa mkubwa kuliko wenzake wote. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha matokeo ya kupitia kumbukumbu za bima za watoto wapatao 407,000 waliozaliwa kati ya 2007 na 2009. Katika majimbo yenye mpaka huo, watoto wa Agosti walioandikiwa na madaktari kuwa na tatizo la upungufu wa umakini na utukutu uliopindukia, lile linalojulikana kwa herufi ADHD, walikuwa 85.1 katika kila 10,000, ilhali wa Septemba walikuwa 63.6. Katika majimbo yasiyo na mpaka huo, pengo baina ya miezi hiyo miwili halikuonekana. Utafiti wa British Columbia, Kanada, uliotangazwa mwaka 2012 na kuhusisha watoto zaidi ya 900,000, ulikuwa umeshaona jambo lilelile: kule mpaka ni mwisho wa Desemba, na wavulana wa Desemba waliandikiwa tatizo hilo kwa asilimia 30 zaidi kuliko wa Januari, wasichana kwa asilimia 70 zaidi.

Hakuna maradhi ya ubongo yanayofuata kalenda ya uandikishaji wa shule. Ni wazi, basi, kwamba baadhi ya wanaoitwa wagonjwa ni watoto wadogo tu waliowekwa darasa moja na wanaowazidi karibu mwaka mzima, na kwa mtoto wa miaka 5 mwaka mmoja ni sehemu ya tano ya maisha yake yote. Wanaopinga desturi ya kuwapima na kuwanywesha watoto dawa wameushika ushahidi huu kama rungu. Wana haki ya kuushika, lakini naona wanapiga pasipo. Tuondoe ziada yote ya Agosti na tuiite makosa matupu: bado wanabaki wale 63.6, ambao tarehe ya kuzaliwa haikuwaonea. Tena yawezekana kabisa kwamba miongoni mwa watoto wa Septemba wamo wenye tatizo halisi ambao ukubwa wao umewaficha, kwa kuwa mtoto aliyewazidi wenzake umri huonekana ametulia hata kama hajatulia kwa kipimo cha rika lake. Takwimu hizi hazisemi lolote kuhusu kuwapo au kutokuwapo kwa ugonjwa. Zinachosema ni namna mpimaji anavyopima.

Naye hupima kwa kulinganisha. Hakuna kipimo cha damu cha ADHD, wala picha ya ubongo inayoweza kumwambia daktari kwamba mtoto huyu anao na yule hana. Kilichopo ni mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani, ambao katika toleo lake la mwaka 2013 unataka mtoto awe na angalau dalili 6 kati ya 9 za kukosa umakini, au 6 kati ya 9 za utukutu na pupa. Dalili hizo ziwe zimedumu miezi 6 au zaidi, baadhi yake ziwe zimeonekana kabla ya umri wa miaka 12, zijitokeze katika mazingira zaidi ya moja, kwa mfano nyumbani na shuleni, na ziwe zinamkwamisha mtoto kweli. Hayo ni masharti mazito kuliko wapinzani wanavyokiri. Lakini karibu kila dalili imeandikwa kwa neno lenye maana ya “mara nyingi”: mara nyingi hupoteza vitu, mara nyingi huinuka kitini, mara nyingi huonekana hasikilizi anaposemeshwa. Mara nyingi kuliko nani? Mwalimu anayejaza dodoso, yaani fomu ya maswali kuhusu tabia za mtoto, hana wa kumlinganisha naye isipokuwa waliokaa mbele yake, na hapo ndipo mtoto wa Agosti anapoumia.

Upande wa pili una hoja ambazo kelele za mjadala huzifunika. Mwaka 1902, daktari wa watoto George Still aliwaeleza madaktari wenzake mjini London habari za watoto wenye akili timamu ambao hawakuweza kujizuia wala kushika jambo kwa muda, na hiyo ilikuwa miongo kadhaa kabla ya kampuni yoyote kuwa na kidonge cha kuwauzia. Tafiti za mapacha zilizofanywa katika nchi mbalimbali zinaonyesha kuwa sehemu kubwa ya tofauti baina ya watu katika jambo hili, kati ya asilimia 70 na 80, inahusiana na urithi. Sisi tuliokuzwa na methali ya “mtoto umleavyo ndivyo akuavyo” tunapata tabu kulimeza hilo. Methali hiyo ina hekima yake, lakini imewatwika akina mama wengi lawama wasiyostahili kwa mtoto ambaye asingetulia hata angelelewa na nani. Athari nazo haziishii kwenye kelele za darasani. Nchini Sweden, watafiti waliwafuatilia watu zaidi ya 25,000 wenye tatizo hili, wengi wao watu wazima, wakamlinganisha kila mmoja na nafsi yake: vipindi alivyotumia dawa na vipindi alivyoiacha. Matokeo, yaliyotolewa mwaka 2012, yalionyesha kwamba wakati wa dawa makosa ya jinai yalipungua kwa asilimia 32 kwa wanaume na 41 kwa wanawake. Anayesema kwamba tunawatibu watoto kwa sababu ya utoto wao hana budi kuieleza tofauti hiyo.

Dawa yenyewe iligunduliwa kwa bahati. Charles Bradley, aliyeongoza hospitali ya watoto katika jimbo la Rhode Island, alikuwa akitafuta namna ya kuwapunguzia watoto maumivu makali ya kichwa yaliyowapata baada ya uchunguzi wa ubongo wa enzi zile. Akawapa amfetamini, dawa ya kuchangamsha ubongo. Kichwa hakikupona sana, ila walimu waligundua kwamba baadhi ya watoto wametulia na wanafanya kazi zao za shule kwa bidii isiyo ya kawaida. Mwaka 1937 alichapisha taarifa ya watoto 30, karibu nusu yao wakiwa wamepata nafuu kubwa katika masomo. Methilifenideti, inayouzwa zaidi kwa jina la Ritalin, ilitengenezwa nchini Uswisi mwaka 1944. Dawa hizi mbili huongeza dopamini na noradrenalini, kemikali zinazopitisha ujumbe, katika maungio ya seli za ubongo. Ni kinyume cha matarajio kwamba kichangamshi kimtulize mtukutu, lakini ndivyo inavyokuwa.

Je, dawa inafaa? Jaribio lililotajwa zaidi na pande zote mbili ni lile la Marekani lililotangazwa mwaka 1999, lililowagawa watoto 579 wenye umri wa miaka 7 hadi 9 katika makundi manne: dawa iliyosimamiwa kwa makini, mafunzo ya tabia kwa mtoto, mzazi na mwalimu, vyote viwili kwa pamoja, na matibabu ya kawaida ya mtaani. Baada ya miezi 14, makundi yenye dawa iliyosimamiwa yalikuwa mbele kwa dalili za msingi, na kuongeza mafunzo ya tabia hakukuleta tofauti kubwa katika dalili hizo. Watetezi wa dawa huishia hapo. Wapinzani huanzia mwaka wa tatu, kwa sababu ripoti ya 2007 ilionyesha kwamba makundi yote manne yamelingana na ubora wa dawa haukuonekana tena. Tena watoto walioanza na kuendelea na dawa walikuwa wamepungukiwa takriban sentimita 2 za urefu ukilinganisha na wasiotumia. Watetezi hujibu, na jibu lao lina uzito, kwamba baada ya miezi 14 kila familia iliachwa ifuate njia yake, wengine wakaacha dawa na wengine wakaanza, hata makundi yakachanganyika.

Mimi naona pande zote mbili zinalipita kundi la nne. Watoto waliotibiwa mtaani walikuwa nyuma ya waliosimamiwa, na hali karibu theluthi mbili yao walikuwa wakipata dawa vilevile. Kidonge kilikuwa aina ileile. Kilichotofautiana ni kwamba katika jaribio daktari alitafuta dozi ya kila mtoto polepole, akaonana na familia kila mwezi, akamuuliza mwalimu, akabadilisha alipoona haja. Mtaani daktari aliandika dawa, mara nyingi kwa dozi ndogo, na akamwona mtoto mara chache kwa mwaka. Tukisema “dawa inafanya kazi” au “dawa haifanyi kazi” tunakuwa tumeshaliacha jambo lenyewe. Methilifenideti iliyo katika mikono inayofuatilia na ile iliyo katika mikono yenye haraka ni matibabu mawili tofauti, na sehemu kubwa ya ugomvi hutokana na watu kulisifu la kwanza huku wenzao wakililaani la pili.

Na haraka ipo. Kwa hesabu za serikali ya Marekani za mwaka 2022, watoto wapatao milioni 7 wenye umri wa miaka 3 hadi 17, yaani asilimia 11.4, walikuwa wamewahi kuambiwa wana ADHD, na zaidi kidogo ya nusu ya waliokuwa nayo wakati huo walitumia dawa. Makadirio ya dunia nzima yaliyotolewa mwaka 2007 ni kidogo zaidi ya asilimia 5. Keith Conners, mwanasaikolojia aliyetunga dodoso maarufu kuliko yote la kupimia tatizo hili na aliyetumia maisha yake kuitetea tiba yake, uzeeni aliliita ongezeko la watoto wanaoandikiwa tatizo hilo balaa la taifa. Shahidi wa namna hiyo hapuuzwi. Watafiti wamelihusisha ongezeko hilo pia na sheria za elimu zilizozibana shule kwa alama za mitihani, ambapo mtoto aliyezubaa akawa hasara ya shule nzima. Hata hivyo, katika nchi hiyohiyo wasichana wasio na fujo, wanaokaa kimya wakiota mchana, na watoto weusi wenye dalili zilezile, wamekuwa wakipitwa. Ziada na upungufu wa utambuzi viko pamoja, pengine katika darasa moja, na vyote viwili vina chanzo kimoja, yaani kutomtazama mtoto kwa muda wa kutosha. Denmark inasaidia kuthibitisha hilo: kule mzazi anaweza kumchelewesha mtoto ambaye hajawa tayari kwa shule, utambuzi uko mikononi mwa madaktari bingwa, na watafiti walipotafuta athari ya tarehe ya kuzaliwa katika matumizi ya dawa waliikuta ndogo sana.

Kwa familia za Waswahili na Wakongo zilizohamia Marekani, fomu ya dodoso hufika na mtihani wa ziada. Mtoto aliyeanza kujifunza Kiingereza mwaka jana naye “mara nyingi huonekana hasikilizi”. Sharti la mazingira zaidi ya moja ndilo ngao yake, ilimradi mzazi aulizwe kwa lugha anayoielewa, na asichukulie swali kuwa shutuma akajibu kwamba nyumbani hakuna tatizo lolote ili tu kuilinda heshima ya nyumba. Majibu hayo ya adabu huwakosesha msaada wanaouhitaji, kama vile majibu ya haraka ya mwalimu yanavyowapa dawa wasioihitaji.

Afrika Mashariki mjadala huu huja umegeuzwa juu chini. Shirika la Afya Duniani lilikataa mwaka 2019, na tena 2021, kuiingiza methilifenideti katika orodha ya dawa muhimu, likisema ushahidi wa faida yake ukilinganishwa na madhara hautoshi. Orodha hiyo ndiyo serikali zetu huitazama zinapopanga manunuzi, kwa hiyo uamuzi huo unamgusa zaidi mtoto wa Tabora kuliko wa Boston, ambaye dawa yake hailetwi na orodha yoyote. Naona tahadhari ya shirika inaeleweka, kwani dawa inayodhibitiwa kimataifa tangu mkataba wa 1971, ikiingia mahali pasipo na bingwa wa kuifuatilia, itazaa kundi lile la nne, la dawa isiyofuatiliwa, bila kundi la kwanza, la dawa iliyosimamiwa. Yapo pia maradhi yanayojificha nyuma ya dalili zilezile. Tafiti za Uganda zimeonyesha kwamba watoto waliopona malaria iliyopanda kichwani huweza kubaki na upungufu wa umakini na tabia zilizobadilika. Mtoto aliyepata degedege, mwenye kifafa cha kuzubaa kwa sekunde chache, mwenye masikio yanayotoa usaha au mwenye upungufu wa damu atajaziwa dodoso likajaa, na hakuna hata mmoja kati yao anayepaswa kuanzia kwenye kidonge.

Lakini kutompa dawa hakumaanishi kwamba hatibiwi. Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001. Tanzania bado inaviruhusu chini ya kanuni za serikali, na mtoto asiyetulia ndiye mteja wa kwanza wa viboko hivyo. Kanuni hizo zinataka kila adhabu iandikwe katika daftari. Anayetaka kujua watoto wa namna hii ni wangapi kwetu angeweza kuanzia hapo: achukue daftari la shule moja, alisome muhula hadi muhula, aweke alama penye majina yanayojirudia kwa kosa lilelile, kisha aulize kila mmoja alizaliwa mwezi gani, aliugua nini akiwa mdogo, na kama kuna mtu amewahi kumpima masikio.