Kijana mwenye kinasaba cha selimundu akikojoa damu

Mwaka 1995 wataalamu wa patholojia wa jeshi la Marekani walieleza visa 34 vya saratani ya figo ambayo haikuwa imetambuliwa kama ugonjwa wa peke yake, iitwayo kwa Kiingereza renal medullary carcinoma. Wagonjwa walikuwa na miaka 11 hadi 39, na karibu wote walikuwa wamerithi kwa mzazi mmoja kinasaba cha selimundu, ugonjwa wa seli nyekundu za damu kujikunja kama mundu. Kurithi kwa mzazi mmoja tu kwa kawaida hakumfanyi mtu augue. Baada ya upasuaji waliishi wastani wa wiki 15. Siku hizi tibakemikali imeusogeza wastani huo hadi mwaka mmoja na ushee, si zaidi, kwa kuwa wengi hugunduliwa saratani imeshasambaa.

Basi watoto wote wenye kinasaba hiki wapigwe utrasaundi kila mwaka? Wanaotaka hivyo wanasema, kwa haki, kwamba tumaini la kweli ni kuiwahi ikiwa bado ndani ya figo. Lakini hesabu inawakataa. Kuna maeneo ya Tanzania ambako mtu mmoja kati ya watano anacho, ilhali makadirio ya hatari ni mtu mmoja kati ya 20,000 hadi 39,000 wenye nacho. Isitoshe, uvimbe huu hukua kwa kasi: picha ya Januari inaweza kuwa safi, na kufika Juni umeshatoka nje ya figo. Mimi niko na wanaopinga.

Ila kupinga kusigeuke kunyamaza. Kijana wa Pemba au Shinyanga akikojoa damu, kinachowaziwa kwanza ni kichocho, naye hupewa prazikwanteli. Mara nyingi ni sawa. Hata asipokuwa na kichocho, seli nyekundu za mwenye kinasaba hujikunja katika kina cha figo, penye oksijeni kidogo na chumvi nyingi, zikaleta damu isiyo ya saratani. Kwa hiyo mganga ana sababu mbili nzuri za kumwambia mama asihofu, na hapo ndipo saratani inapojificha. Damu ikirudi baada ya dawa, au ubavu ukiuma, hasa wa kulia, utrasaundi isingoje.

Hilo linadai hali ya mtoto ijulikane. Tone lile lile la damu linalotumika kumsaka mtoto mchanga mwenye selimundu kamili, aliyerithi kwa wazazi wote wawili, huonyesha pia mwenye kinasaba kimoja, lakini huenda wazazi wake wakaambiwa tu “mzima huyu”. Wapo wanaoona ni heri hivyo, maana habari hizi huvunja posa. Hoja si ya kubezwa. Hata hivyo ningewaambia, na ningeandika kwenye kadi ya kliniki: akikojoa damu, mtajieni daktari kinasaba hiki.