Hillel, deni na mke asiyepewa talaka

Torati inaagiza kwamba kila mwaka wa saba mdai amsamehe mdaiwa wake. Tena Kumbukumbu la Torati 15 inamwonya mwenye mali asimnyime maskini mkopo kwa sababu tu mwaka huo umekaribia. Watu wakafanya kilekile walichoonywa: mwaka ukikaribia, wanafunga mikoba. Sheria iliyowekwa kumlinda maskini ikawa ndiyo inayomlaza njaa. Hillel, mwalimu wa Yerusalemu enzi za Herode, akatoa hati iitwayo prozbul. Mkopeshaji anatamka mbele ya mahakimu kwamba madeni yake ameyakabidhi kwao, ili aweze kuyadai wakati wowote apendao. Mwaka wa saba ukifika, deni halifutiki.

Wapo wanaosoma kisa hiki na kuamua kwamba sheria ya Kiyahudi haina msingi, marabi wanaipinda watakavyo. Ushahidi wanao. "Jicho kwa jicho" katika Talmud, mkusanyo wa mijadala ya marabi wa kale juu ya sheria, ni fidia ya fedha, inayopigiwa hesabu kwa madhara, maumivu, matibabu, kazi iliyopotea na aibu. Mwana mkaidi, ambaye Torati inataka apigwe mawe, aliwekewa masharti mengi kiasi kwamba Talmud yenyewe inanukuu kauli kuwa mwana wa namna hiyo hajapata kuwapo wala hatakuwapo.

Hata hivyo, Hillel hakufuta andiko. Deni la mtu kwa ndugu yake bado linafutika. Wafasiri wa kale waliiegemeza hati yake kwenye andiko lenyewe: kinachofutwa ni kile ulicho nacho kwa ndugu yako, na kilichokabidhiwa mahakama si tena baina ya mtu na ndugu yake. Kufasiri kwenyewe kuna kanuni, na Rabi Ishmaeli alihesabu kumi na tatu. Kuna pia kanuni ya nani ana neno la mwisho. Rabi Eliezeri alipobishana na wenzake juu ya usafi wa tanuri, mti uling'oka kumuunga mkono, maji yakarudi nyuma, mpaka sauti ikatoka mbinguni. Rabi Yoshua akasimama, akajibu kwa maneno ya Torati: "Si mbinguni", yaani sheria imekwisha kukabidhiwa binadamu. Wengi wakashinda. Sijui sheria nyingine ya dini inayosimulia hivi kwa fahari jinsi binadamu walivyoukataa muujiza kwa kufuata utaratibu.

Tofauti za desturi nazo zina mipaka. Yosefu Karo wa Safed aliandika Shulchan Aruch, kitabu cha sheria za Kiyahudi, kwa desturi za Wayahudi wa Kisefardi, wenye asili ya Uhispania. Moshe Isserles wa Krakow akaongeza za Waashkenazi, Wayahudi wa Ulaya ya kati na mashariki, na hadi leo wawili hao wanachapwa ukurasa mmoja. Wakati wa Pasaka ya Kiyahudi, Wasefardi wengi hula wali, Waashkenazi kwa desturi hawauli. Mkate uliotiwa chachu hakuna kati yao anayeugusa.

Kwa hiyo naona msingi upo, na kufasiri ni sehemu ya msingi huo. Kinachonisumbua ni jambo lingine: mlango huo wa kufasiri hufunguliwa kwa ajili ya nani? Mwangalie aguna, mke ambaye mume anakataa kumpa hati ya talaka. Bila hati hiyo, iliyotolewa kwa hiari ya mume, haolewi tena. Akizaa na mwanamume mwingine wa Kiyahudi, mtoto atakuwa mamzer, asiyeruhusiwa kuoa Wayahudi walio wengi. Maimonides, mwanasheria mkubwa wa Kiyahudi wa karne ya kumi na mbili, aliruhusu mume apigwe mpaka aseme "nataka", kwa hoja kwamba ndani ya moyo wake anataka kutii sheria. Huko Israeli, kwa sheria ya 1995, mahakama za marabi zinaweza kumnyang'anya mume huyo leseni ya udereva, pasipoti, hata kumfunga. Wapo waliokaa gerezani miaka mingi na bado wakakataa.

Marabi wa Kiorthodoksi walio wengi wanasema hapo mikono yao imefungwa: wakikosea, mzigo wataubeba watoto ambao hawajazaliwa. Hofu hiyo naiheshimu, maana ni hofu ya kuwaumiza watu. Lakini Talmud hiyohiyo, katika kitabu cha Gittin, inasema kila aoaye anaoa kwa ridhaa ya marabi, nao wakaivunja ndoa ya mume aliyebatilisha talaka yake kwa siri nyuma ya mgongo wa mkewe. Chombo hicho kimeandikwa, kinasomwa na wanafunzi kila mwaka, na mahakama nyingi hazikigusi. Aliyekuwa hana mkopo alifunguliwa mlango kwa hati moja. Aguna bado anasubiri nje.