Mratibu Mwaborijini na mgonjwa wa ubongo: ushirikiano umezaa nini?

Mkazi wa Kimberley, kaskazini mwa Australia Magharibi, akipatwa na kiharusi kikubwa au akiumia vibaya kichwani, huenda akasafirishwa kwa ndege hadi Perth, safari ya kilomita 2,000 hivi. Tiba ya dharura hupatikana huko. Lakini kujifunza upya kusema, kula na kutembea ni kazi ya miezi, na si rahisi kuifanya mbali na jamaa na ardhi ya wazee wako. Akirudi nyumbani anawapata jamaa, ila mtaalamu wa usemi huenda asimwone kwa wiki nyingi.

Pengo hilo ndilo mradi wa Healing Right Way, ulioanza 2018, ulilojaribu kuliziba katika hospitali nane, nne za Perth na nne za mikoani. Watumishi walifunzwa namna ya kumhudumia Mwaborijini, yaani mwenyeji wa asili wa Australia, bila kumvunjia heshima, na kila mgonjwa aliyeingia baada ya hospitali yake kuanza mpango huo akapewa mratibu ambaye naye ni Mwaborijini, wa kumfuatilia kwa miezi sita.

Matokeo ya wagonjwa 108, yaliyochapishwa 2024, yanawapa hoja wapinzani na watetezi kwa pamoja. Ubora wa maisha, kama wagonjwa wenyewe walivyoupima, haukuonyesha tofauti ya maana kitakwimu kati ya waliopata mpango huo na waliotibiwa kabla yake. Hata hivyo huduma za msingi ambazo kila mgonjwa anastahili zilitolewa kikamilifu zaidi kuliko awali. Watetezi husema kipimo cha alama 0 hadi 100 hakiwezi kubeba maana ya kuwa karibu na wajukuu au kusikilizwa na daktari. Hoja hiyo ina uzito, ingawa naipokea kwa tahadhari, kwa kuwa kipimo hicho kilichaguliwa na watafiti wenyewe kabla ya kazi kuanza, na janga la UVIKO-19, lililouvuruga utafiti huo, nalo halielezi kila kitu.

Wenye shaka, kwa upande wao, wanasahau jambo moja: mratibu hupeleka mgonjwa kwenye huduma iliyopo, hawezi kuiumba isiyokuwapo. Pasipo na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mratibu hodari kuliko wote atabaki kupiga simu, na mzigo wa kumwogesha na kumlisha mgonjwa utawaangukia dada na shangazi, ambao neno tamu la “huduma ya kijamii” huwaficha.

Kwa hiyo swali ninaloliona zito zaidi ni la mwajiri. Tangu 1971, kituo cha Redfern kilipofunguliwa Sydney, Waaborijini wamekuwa wakiendesha vituo vya afya vilivyo chini ya bodi zao wenyewe. Mratibu akiajiriwa huko kwa bajeti ya kudumu, jamii inaweza kumwelekeza na kumwajibisha; akilipwa kwa fedha za utafiti, mkataba wake huisha pamoja na utafiti, wakati mgonjwa aliyepoteza usemi bado anatafuta maneno.