Kosa la Jets halikuwa Sam Darnold

Kila ikikaribia Aprili, timu moja au mbili za NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, hujikuta na swali lile lile. Kijana tuliyemchagua juzi anayumba, na mwaka huu tuna nafasi ya juu kwenye drafti. Tumvumilie, au tuchukue mwingine? Mashabiki hulibishania kana kwamba kuna mizani na vijana wawili wamekaa juu yake, yule mzito ndiye abaki. Mimi naona hapo ndipo timu zinapopotea, na mfano ninaourudia kila mara ni New York Jets wa mwaka 2021.

Kwa asiyeufuatilia mpira wa Kimarekani: kwotabeki ndiye anayepokea mpira karibu katika kila shambulizi na kuamua uende wapi, akiwa na sekunde mbili tatu tu kabla hajafikiwa na majitu ya kilo mia na ushee. Mbele yake husimama watu watano ambao kazi yao ni kumkinga. Vijana wanaotoka vyuoni hawagombewi kwa fedha kama Simba na Yanga wanavyomgombea mchezaji. Hugawanywa kwenye drafti, raundi baada ya raundi, na timu iliyofanya vibaya zaidi huchagua kwanza. Ndiyo, kufungwa sana kuna zawadi yake.

Sam Darnold alitoka chuo cha USC mwaka 2018. Jets walimtamani kiasi cha kuwapa Indianapolis Colts chaguo lao la 6 pamoja na machaguo matatu ya raundi ya pili, ili tu wapande hadi namba 3 wampate. Kwa chaguo lile la 6, Colts wakamchukua Quenton Nelson, mmoja wa wakingaji bora wa kizazi chake. Yaani Jets walimpata kwotabeki kwa kumtoa mtu ambaye angemkinga. Hilo peke yake lingetosha kuwa makala.

Pasi yake ya kwanza kwenye ligi, dhidi ya Detroit Lions, ilinaswa na mpinzani na kurudishwa hadi ikawa tachidauni, yaani bao la kufikisha mpira mwisho wa uwanja. Jets walishinda 48-17 hata hivyo, na watu wakasema kijana ana moyo. Kisha nyumba ikaanza kutikisika. Kocha Todd Bowles aliondolewa baada ya msimu huo, akaja Adam Gase. Mei 2019, meneja mkuu Mike Maccagnan, aliyemchagua Darnold, akafukuzwa naye. Msimu ulipoanza kijana akaugua mononukleosi, ugonjwa wa virusi unaochosha mwili, na kukosa mechi tatu. Oktoba wakakutana na New England Patriots: 33-0, pasi zake nne zikanaswa, na kipaza sauti cha televisheni kikamdaka akiwa benchi akisema anaona mizuka. Maneno yale hayakumtoka tena.

Msimu wa 2020 Jets walifungwa mechi 13 mfululizo. Kisha, katika kichekesho ambacho mashabiki wao hawajakisamehe, wakashinda mbili. Ushindi huo ukawapa Jacksonville chaguo la kwanza, naye Trevor Lawrence, kwotabeki aliyetamaniwa kuliko wote mwaka ule, akaenda huko. Jets wakabaki na namba 2, na Darnold mwenye umri wa miaka 23.

Tuwatendee haki waliotaka aondoke. Hoja yao kubwa ilikuwa fedha, na si hoja ya kipuuzi. Kwotabeki wa drafti hulipwa kiasi kidogo kwa miaka minne, na katika muda huo ndipo timu hununua wachezaji wengine. Darnold alikuwa ameshatumia mitatu, na timu ilitakiwa kuamua mapema kama ingemlipa takribani dola milioni 18.8 kwa mwaka wa tano. Ukichukua kijana mpya, saa inaanza upya. Na takwimu zake zilikuwa mbaya: tachidauni 45 kwa pasi, pasi 39 zilizonaswa, ushindi mara 13 katika mechi 38 alizoanza.

Ila tazama soko lilivyokuwa mwezi Machi mwaka huo. San Francisco 49ers waliwapa Miami machaguo matatu ya raundi ya kwanza, na moja la raundi ya tatu juu yake, ili wapande kutoka namba 12 hadi namba 3. Namba 3! Jets walishika namba 2. Wangeweza kuuza nafasi ile na kujenga upya timu nzima kumzunguka Darnold kwa miaka mitatu. Au wangebaki palepale wakamchukua Ja'Marr Chase, mpokeaji aliyeenda Cincinnati kwa namba 5, au Penei Sewell, mkingaji aliyeenda Detroit kwa namba 7. Wote wawili wamekuwa miongoni mwa bora katika nafasi zao.

Wakamuuza Darnold kwa Carolina Panthers kwa chaguo la raundi ya sita, la pili na la nne, kisha wakamchukua Zach Wilson, kwotabeki wa chuo cha BYU. Wilson alikuwa na msimu mmoja mtamu sana chuoni, na video ya mazoezi ambamo alirusha mpira mbali mno huku akikimbilia kushoto. Video nzuri kweli, ila hapakuwa na mtu wa kumkaba. Akakabidhiwa kwa Robert Saleh, kocha aliyekuwa anaanza ukocha mkuu, na msimu ukaanza bila kwotabeki mzoefu pembeni wa kumwelekeza. Alishinda mechi 12 kati ya 33 alizoanza. Novemba 2022 aliwekwa benchi, na Aprili 2024 akapelekwa Denver.

Sisemi kila kijana anayeyumba avumiliwe. Arizona Cardinals walimwacha Josh Rosen baada ya mwaka mmoja wakamchukua Kyler Murray, na walikuwa sahihi. Rosen alizunguka timu kadhaa na hakushika namba popote. Hata Darnold alipofika Carolina alimaliza msimu wa 2021 na tachidauni 9 kwa pasi 13 zilizonaswa. Lakini baada ya mwaka wa kukaa na kujifunza San Francisco, alipewa mfumo wa kocha Kevin O'Connell na mpokeaji kama Justin Jefferson huko Minnesota. Ushindi 14, tachidauni 35. Nao Vikings, timu hiyo ya Minnesota, wakamwacha aende, kwa sababu walikuwa na kwotabeki kijana J.J. McCarthy waliyemchagua kwenye drafti. Februari 2026 Darnold akatwaa Super Bowl, fainali ya ligi, akiwa na Seattle Seahawks, na waliofungwa ni Patriots wale wale.

Kwa hiyo ningekuwa kwenye kile chumba cha Jets, nisingeuliza nani bora kati ya Darnold na Wilson. Ningeuliza Wilson atakuta nini ambacho Darnold hakukikuta. Kama jibu ni kocha mgeni, wakingaji wale wale na presha ile ile ya magazeti ya New York, basi ningeiuza namba 2 kabla ya chakula cha mchana.

Mwaka 2025 Jets walimsajili Justin Fields, kwotabeki mwingine wa drafti ile ile ya 2021 ambaye Chicago Bears walishamwacha ili wamchukue Caleb Williams. Walimpa mkataba wa miaka miwili wa dola milioni 40, chini ya kocha mwingine mgeni, Aaron Glenn. Novemba alikuwa benchi.