O na U za Kimongolia: herufi moja au mbili?

Chukua neno la Kimongolia urtu, yaani "-refu", uliandike kwa hati ya jadi inayoshuka toka juu kwenda chini. Kisha andika ordu, kasri la mtawala. Umeandika kitu kilekile. O na U zina umbo moja mwanzoni, katikati na mwishoni mwa neno, na hapa T na D nazo zimevaa nguo moja. Umbo hilo la O na U ni kitanzi kilichotokeza kwenye mstari wa wima. Wamongolia hukiita tumbo, na mstari wenyewe ni uti wa mgongo.

Aliyesoma tendi za pwani katika hati za Kiarabu hatashangaa. Alama moja ya irabu, dhumma, ilibeba o na u, kwa hiyo kuku na koko ni mamoja mpaka usome beti zima. Tena huu ni udugu wa damu. Hati zote mbili ni vitukuu vya Kiaramu, ambamo herufi waw ilishika u na o pia. Ya Wamongolia ilipitia kwa Wasogdi, watu wa kale wa Asia ya Kati, kisha kwa Wauighuri. Inasimuliwa kwamba mwaka 1204 Genghis Khan alimteka Tata-tonga, mwandishi Mwuighuri wa mfalme wa Wanaiman, akamwamuru awafundishe wanawe kuandika.

Karne zikapita na msomaji akawa anajaza mwenyewe. Kompyuta haijazi. Mwaka 1999 hati hii ilipoingizwa katika Unicode, jedwali linaloipa kila herufi duniani namba yake, O ilipewa 1823 na U 1824. Umbo moja, namba mbili. Ilikubaliwa kwamba kinachohifadhiwa ni sauti, umbo litachorwa na fonti.

Wanaoutetea uamuzi huo wana hoja nzito. Kamusi hupanga maneno kwa sauti. Programu ya kusoma maandishi kwa sauti haiwezi kubahatisha kati ya kasri na urefu. Zaidi ya yote, Mongolia huandika kwa alfabeti ya Kikirili, ile ya Warusi, tangu miaka ya 1940, na Kikirili hutenganisha о na у. Ukihifadhi sauti, kuhamisha waraka kutoka hati moja hadi nyingine kunakuwa kazi ya mashine. Ukihifadhi umbo tu, kila tumbo litahitaji mtu wa kuamua.

Kwenye karatasi, hoja imeshinda. Kwenye kibodi, mambo ni mengine. Anayechapa huangalia skrini. Akiona neno limekaa sawa, anasonga mbele, hata kama amebonyeza O palipotakiwa U. Macho hayana namna ya kumkosoa. Matokeo yake ni neno moja lenye tahajia tatu au nne zilizofichika, na ukilitafuta kwenye faili unaambiwa halimo, nawe unaliona pale mbele yako! Ndiyo maana huko Mongolia ya Ndani, nchini China, ambako hati hii haikuwahi kuachwa, wengi waliendelea na mifumo inayohifadhi maumbo. Mifumo hiyo haipatani na kwingine, lakini kinachoonekana ndicho kilichomo.

Halafu hiyo "sauti" inayohifadhiwa ni ya nani? Mji mkuu hutamkwa Ulaanbaatar, lakini hati ya jadi bado inaandika kitu kama ulaganbagatur, matamshi ya mababu. Urtu siku hizi ni urt. Kijana aliyesoma Kikirili hana sikio la kumsaidia katika silabi za mwisho ambazo hazitamkwi tena. Tunamdai akumbuke sauti iliyokufa ili abonyeze kitufe ambacho hakitaonyesha tofauti yoyote. Hapo mimi nawaelewa wanaokasirika.

Lingekuwa suala la wataalamu wa fonti peke yao kama si sheria ya lugha ya mwaka 2015, iliyozitaka ofisi za serikali ya Mongolia zitumie hati zote mbili kuanzia 1 Januari 2025. Sasa kosa lisiloonekana linaweza kukaa ndani ya jina la raia kwenye rejesta.

Sikubaliani na wanaotaka namba zifutwe na kuanza upya. Nyaraka za miaka 25 na ushei zitabaki yatima. Ningeziacha O na U zilivyo, ila nisingemwachia mwandishi mzigo wa kuchagua. Kibodi iwe na kitufe kimoja cha tumbo, kamusi iliyo nyuma yake ichague namba, na utafutaji uzihesabu 1823 na 1824 kuwa kitu kimoja. Kwa urtu na ordu, ambako kamusi nayo itakwama, mtu aulizwe.

Majina ya watu ndiyo yanayonitatiza. Hayo hayamo kwenye kamusi, na mwenye jina akiulizwa huenda atajibu kwa Kikirili.