Simba wa Nakuru na waya unaowazunguka

Alfajiri, kabla matatu hazijaanza kupiga honi Kaptembwa, mtaa wa jiji la Nakuru, simba husikika. Ngurumo huvuka waya wa umeme, hupita juu ya mabati, na mbwa wote wa mtaa hunyamaza kwa pamoja. Nimeisikia tangu utotoni na hadi leo hunisisimua mwili.

Mbuzi wanapoliwa, mjadala huwa uleule: uzio unaoizunguka Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Nakuru unamlinda simba, au umemfunga tu?

Wanaoutetea wana hoja ambayo siwezi kuibeza. Hifadhi ina kilomita za mraba 188, ziwa likiwa ndani yake, na jiji limeifikia mpaka mlangoni: Rhonda, Kaptembwa, Mwariki, na huku Barut mashamba ya mahindi. Uzio ulipowekwa miaka ya 1980 aliyefikiriwa zaidi alikuwa faru, lakini simba naye amenufaika. Hesabu ya wanyamapori ya mwaka 2021 ilipata simba 2,589 tu Kenya nzima. Kwingineko kusiko na uzio, mfugaji aliyeliwa ng'ombe wake hutia sumu kwenye mzoga, na usiku mmoja hufa simba mama na watoto, fisi, na asubuhi tai waliokuja kuokota mabaki. Mahali palipobanana kama hapa petu, bila waya simba angekuwa amekwisha zamani.

Ila simba hakuumbiwa kukaa alipozaliwa. Dume akifika miaka miwili au mitatu hufukuzwa na wakubwa, akaenda mbali kutafuta majike wasio ndugu zake. Wa Nakuru huenda mpaka kwenye waya, akageuka. Matokeo yake yameonekana kwa jirani zetu Tanzania, katika kreta ya Ngorongoro. Mwaka 1962 nzi wanaouma waliwavamia simba wa kule, wakabaki kama kumi tu. Walioongezeka baadaye walitokana na hao wachache, na watafiti walipowapima madume walikuta mbegu zao zina kasoro nyingi. Na kreta haina uzio, ina kuta za mlima ambazo simba anaweza kuzipanda. Wa kwetu hawezi kuingia wala kutoka ila kwa lori.

Kuna na twiga. Twiga wa Rothschild ni wachache duniani, nasi tunao hapa. Watafiti waliowalinganisha na wale wa Soysambu, hifadhi ya binafsi ng'ambo tu ya uzio ambako hapakuwa na simba, waliona ndama wachache zaidi ndani ya hifadhi. Sehemu iliyofungwa haimpi mnyama pa kukimbilia. Tena tangu ziwa lianze kupanda zaidi ya miaka kumi iliyopita, likameza lango kuu na misitu ya migunga ya manjano, nchi kavu imepungua. Mwindaji na anayewindwa wote wamesogezwa pamoja.

Kwa hiyo mimi nasema uzio ubaki, lakini tuache kuutazama kama kazi iliyokwisha. Ukishamfungia simba, umejitwika mambo yote ambayo zamani aliyafanya mwenyewe kwa miguu yake: kuleta damu mpya, kupunguza idadi panapojaa, kuhesabu chakula chake. Ni kazi ya kila mwaka, na ya pesa.

Na waya wenyewe hautoshi. Mzee mmoja wa Barut alinionyesha mahali mvua ilipochimba korongo chini yake; mtu angepita akitambaa. Alikuwa amepaziba kwa matawi ya miiba na mawe. Jani refu lililougusa waya lilikuwa likilia tik, tik, tik, umeme ukivujia ardhini. Mbuzi wake wawili walikuwa wamekufa, shingo zimetobolewa safi, na yeye aliamini ni chui, maana chui hupanda hata mti ulioinamia uzio. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inampa haki ya fidia: shilingi milioni 5 akifa mtu, na kwa mifugo, thamani yake sokoni, mradi mwenyewe alichukua hatua za kuilinda. Alishajaza fomu. Huo ulikuwa msimu wa tatu wa mahindi akiisubiri hiyo fidia.

Nikamuuliza, “Baba, ungependa simba waondolewe?” Akakataa. Alitaka alipwe, na korongo lizibwe kwa zege.

Wengine wanataka uzio ufunguliwe upande wa Soysambu, wanyama wapate kutembea hadi ziwa Elmenteita. Wazo zuri kwa nyati na pundamilia. Kwa simba ningesita, kwa sababu mifugo iko kule na ugomvi wa sumu ungeanza upya.

Lililo rahisi zaidi hatulizungumzi kabisa: mbwa wetu. Mwaka 1994 ugonjwa wa mbwa uitwao distempa uliingia Serengeti na kuua karibu theluthi ya simba wake, takriban elfu moja. Serengeti ni kubwa, waliobaki waliweza kujaza pengo. Nakuru mbwa wanaozurura Rhonda hulala hatua chache kutoka kwenye waya, na korongo la yule mzee linawatosha kupita. Kampeni ya chanjo kwa mbwa wa mitaa inayopakana na hifadhi inaweza kuanza mwezi ujao bila kungoja mabishano ya uzio yaishe, na mimi ningeanzia hapo.