Ukishuka Tu, Uliza Fundi

Mlima Meru umehamishwa. Nimeuona kwa macho yangu mwenyewe, umepelekwa Unga Limited, kusini mwa Arusha, na hakuna mtu aliyelipwa fidia.

Ulikuwa kwenye mchoro. Tuliitwa mkutano wa wadau (mdau ni mtu anayepewa soda kabla ya kuvunjiwa) tukaonyeshwe jinsi ule uwanja wa maduka hapa katikati ya jiji utakavyobomolewa na kujengwa upya. Uwanja wenyewe siutaji jina, kodi ya miezi miwili bado nadaiwa. Projekta ikawashwa. Maghorofa ya vioo, miti imenyolewa kama vijana wa benki, na dada mmoja anasukuma kigari cha mtoto katikati ya barabara, peke yake, hana wasiwasi. Arusha gani hiyo haina bodaboda? Labda picha ilipigwa Krismasi, Wachaga wote wameenda kwao.

Nyuma ya maghorofa ndiyo Meru, mweupee juu. Mzee mmoja muuza viatu vya mitumba akanyoosha mkono: "Mtaalamu, hapo si tunatazama kusini? Mlima uko kaskazini." Mtaalamu akajibu hiyo ni taswira tu. Nikanywea kwenye kiti. Kama mlima wenye zaidi ya mita 4,500 umehamishwa bila notisi, mimi na cherehani yangu ya kukanyaga tunabaki kwa ubavu gani?

Mimi nilikuwa natafuta kitu kimoja tu pale: kifodi, ndiyo daladala yetu sisi wa Arusha. Nikakodoa macho mpaka machozi. Mabenchi yapo, taa zipo, kuna hadi jamaa na mbwa wake. Kifodi hakuna. Nikauliza, hawa watu wa kwenye picha wamefikaje hapo? Nikaambiwa usafiri wa umma utasogezwa pembeni ili kupunguza msongamano. Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga, soda zilikuwa hazijagawiwa.

Nimefika nyumbani ndiyo nikaelewa nimepigia makofi nini. Huo msongamano ndio mteja wangu! Hakuna binadamu anayeamka Ngaramtoni akasema leo naenda mjini kupunguza suruali kiuno. Anakwenda zake hospitali, au benki, au kudai hela yake. Anashuka kwenye kifodi, anakuta cherehani inalia mbele yake, anakumbuka zipu. Akingoja zipu anakula mhindi. Akimaliza mhindi anaona kava la simu. Sasa mpe huyo huyo mtu mwendo wa dakika ishirini juani, uone kama atakumbuka zipu. Atafunga pini maisha yake yote.

Mwaka 2021, wamachinga wa nchi nzima walipoondolewa barabarani, nilipona kwa sababu cherehani ilikuwa ndani ya baraza, mguu wangu mmoja tu ndio ulikuwa nje. Nilishona wiki tatu nimejikunja kama jongoo. Nikadhani yameisha.

Basi kabla hata tofali halijavunjwa, wakaanza na ruti. Majaribio ya wiki mbili, walisema. Sisi wa Kwa Mrombo zamani ilikuwa raha: unapita Mbauda, unashika barabara ya Sokoine, soko la Kilombero hilo, mjini hiyo, umefika. Sasa gari likifika Kilombero konda anagonga bati, "Mwisho wa gari, mwisho wa gari!" Anayekwenda mbele apande la pili. La pili linazunguka kwanza kama linatafuta mganga.

Na kuzunguka kwenyewe Arusha si mchezo. Huu mji umekatwakatwa na mito inayoteremka kutoka Meru: Naura huku, Themi kule, Goliondoi, Kijenge. Madaraja ni ya kuhesabu. Ukiziba barabara moja kwa ajili ya kupendezesha, magari yote yanakwenda kubanana kwenye daraja lile lile. Mchoraji alipaka mito rangi ya bluu, ikapendeza, akasahau kwamba kifodi hakiogelei.

Shemeji yangu wa Dar ananicheka kwa simu. "Ninyi bado mnagombania vifodi? Sisi tuna mwendokasi tangu 2016." Nikamwambia shemeji, hilo basi lenu mlilipatia njia yake. Sisi kifodi kinagombania lami na bajaji, boda, mkokoteni wa ndizi, na Land Cruiser za watalii zimesimama zinanunua maji ya kwenda nayo Serengeti. Shemeji akasema hata hilo la kwao analingoja hapo kituoni tangu saa kumi na mbili. Tukaelewana.

Siku iliyoniuma zaidi ni ya jora. Wiki ya kufungua shule, mimi nina sare za watoto kumi na nne hazijashonwa, nimebeba jora zima la kitambaa cha bluu kupeleka nyumbani nikashonee usiku. Zamani nalipakia mjini gari likiwa tupu, nalilaza chini ya siti, tunaondoka kama wachumba. Safari hii nimelibeba begani mpaka Kilombero, katika ule umati, kila nikigeuka nampiga mtu kisogo. "Fundi, unatembea na nguzo ya umeme?" Nikaingia kwenye gari, jora likakosa pa kulala, nikalisimamisha kwenye siti ya dirishani.

Konda akaja. "Mia sita yako, mzee, na mia sita ya mwenzako."

"Mwenzangu nani?"

"Huyo wa bluu. Amekaa siti."

"Dogo, hiki ni kitambaa."

"Kingekuwa kitambaa kingekaa chini."

Gari zima kimya, wanangoja. Nikafikiri haraka. Nikamwambia sawa, hesabu atalipa, ila huyu ni mwanafunzi. Jumatatu ijayo anaingia darasani, tena yuko tayari na sare. Nauli yake mia mbili. Yeyoo mmoja, mama wa Kimaasai, alicheka huko nyuma mpaka akaangusha kuku. Konda akapokea mia mbili, lakini tulipofika Mbauda akaniambia wanafunzi husimama, wapishe wakubwa. Jora likasimama mpaka Kwa Mrombo, mimi nimelikumbatia.

Nilimuuliza yule konda kwa nini hawaendi mbele ya Kilombero, mbona siku zile za kwanza za majaribio walikuwa wanaizunguka ruti yote. Akanipa darasa ambalo sikulisikia kwenye projekta. Tajiri anataka hesabu yake jioni, na hesabu haipungui hata ruti ikirefushwa. Ukizunguka unakotakiwa kuzunguka, tripu za siku zinapungua, mafuta yanaongezeka, na vichwa ni vile vile. "Sasa mzee, si tunakatisha tu?" Trafiki akiwakamata wanalipa, kisha wanakatisha tena kufidia ile faini. Kijana hana hata ndevu, kamaliza mradi mzima kwa sentensi tatu, na hakudai posho ya kikao.

Wateja nao wananipigia. "Fundi, suruali yangu tayari, naipatia wapi?" Nikajikuta siwezi kumwelekeza mtu. Jaribu na wewe uone: Arusha maelekezo yote yanaanza na "ukishuka". Ukishuka tu kata kushoto. Ukishuka uliza fundi. Sasa hawashuki!

Nikaamua kumfuata mteja anakomwagwa. Nikapata kibaraza nje kidogo ya pale vifodi vinapogeuzia, nikabeba cherehani kwenye mkokoteni, na yule konda wa jora nikamshonea kaptura bure. Siku ya tatu nasikia anaita, "Kwa Fundi! Kwa Fundi kuna anayeshuka?" Wallahi nilisimama. Mji huu una Kwa Mrombo, una Kwa Iddi, una Kwa Mrefu, na sasa una Kwa Fundi. Mama watoto nilimwambia usiku ule tumeingia kwenye ramani. Akauliza ramani inalipa kodi?

Inapandisha. Mwenye kibaraza alipoona pamekuwa kituo akaongeza elfu ishirini.

Juzi asubuhi akaja kijana amevaa kizibao cha kung'aa, ana futi kamba na kopo la rangi nyekundu. Akapima kutoka katikati ya barabara mpaka kwenye cherehani, akaandika, akapima tena. Kisha akapiga X ukutani, juu tu ya kichwa changu, rangi ikadondokea kola ya mteja. Sikusema kitu. Akainama kufunika kopo, suruali ikaachia nyuma, praa!

Akageuka taratibu, mkono nyuma. "Mzee, hapa unashona kwa shilingi ngapi?"

Nikamwambia elfu mbili, ila aniachie wiki mbili, niko kwenye majaribio.